Mwanangu, "haina noma" siyo tatizo

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Mguu wa baba yako umetulia, anatembea mpaka dukani na kurudi bila fimbo. Nimeusoma ule ujumbe wako mrefu wa juzi usiku, nikaona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu tukianza tu salio linakatika.

Unasema mkuu wako wa kazi amekukaripia mbele ya watu kwa sababu ulimwambia mzee mmoja aliyekuja kuulizia faili lake, "Haina noma, mzee, freshi tu." Akakwambia pale ni ofisini, si kijiweni. Sasa unataka mama yako aseme umeonewa.

Nusu yake sisemi. Mtu wa umri wa babu yako kaondoka kijijini usiku wa manane, kashuka basi na bahasha yake ya kaki kwapani, halafu neno la kwanza analolisikia dirishani ni "freshi"? Anaanza kuamkiwa. Shikamoo, karibu ukae, za safari. Hilo nilikufundisha kabla hujaota meno yote.

Lakini kusema kweli, maneno ya mtaani sina ugomvi nayo. Nashona nguo miaka yote hii, na karibu kila kitu kinachopita chini ya sindano yangu kina jina lililoanzia mtaani. Aliyenifundisha kazi alishona bugaluu miaka ya 1970, suruali pana chini kama kengele, na wazee wa siku hizo walilikasirikia jina na suruali yenyewe. Mitumba ilipoanza kuzagaa tuliiita "kafa Ulaya", kwamba mwenyewe kafa huko ndiyo nguo ikatufikia. Na daladala unayopanda kila asubuhi, wanasimulia ilipata jina kutokana na nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na makondakta ndio waliokuwa wakiipigia kelele. Leo neno limo kwenye kamusi, na mkuu wako analitumia bila kunawa mdomo. Kwa hiyo buku, jero na msimbazi ziseme tu. Mia tano ukiiita jero haipungui.

Kuna moja linalonichekesha zaidi kuliko kuniudhi: ninyi vijana kuitana "mwanangu". Uliporudi likizo nilikusikia nje na yule rafiki yako, "Oya mwanangu, inakuwaje mwanangu." Nikatoka mlangoni nikidhani kuna mtu mzima pale. Mimi hilo neno nimelilipia uchungu wa usiku mzima. Ninyi mnagawiana bure kama karanga za msibani. Haya, endeleeni.

Kumwita msichana mrembo "pisi kali" hapana. Hilo sitaki nilisikie kinywani mwako, kijiweni wala ofisini. Una dada wawili.

Nikija kwenye maneno yanayonikera mimi, utashangaa mengi wala si ya kihuni. Ni ya watu wenye adabu zao. "Umepotea!" Anakwambia hivyo mtu ambaye naye hajakupigia tangu mwaka juzi, na wewe ndiye unayeanza kujitetea. "Umekonda, unaumwa?" mbele ya ukumbi mzima. "Pole na majukumu," halafu mstari wa pili anaomba hela ya gesi. Kwa nini asiombe tu? Na lile la "ubwabwa tunakula lini?" najua shangazi zako wanakuuliza kila sikukuu. Usiwajibu kwa hasira. Mwambie shangazi mchele ukipatikana ataambiwa, kisha muulize habari za presha yake. Ataongea mpaka jioni, na ubwabwa atausahau.

Wale wa redioni na "kwa namna moja ama nyingine", "suala zima la", "katika siku ya leo" nimewazoea. Wanajaza muda, na mimi nakuwa nimeinamia cherehani.

Ila kuna kundi moja la maneno siliwezi, na humo ndimo mkuu wako anamoishi. Uliandika mwenyewe, labda hukutambua: alipokwisha kukukaripia, alimgeukia yule mzee akamwambia, "Suala lako linafanyiwa kazi." Kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti ya upole, na tai shingoni. Mzee akashukuru akaondoka. Sasa nikuulize, linafanyiwa kazi na nani? Lini? Kwenye meza ipi? Sentensi nzima haina mtu ndani. Hata ukitaka kulalamika huna wa kumlalamikia. Wewe angalau ulisema haina noma, na noma ikitokea mzee anajua nani alimdanganya.

"Changamoto" nalo ni la ukoo huo. Zamani maji yakikatika tulisema maji yamekatika. Sasa "kuna changamoto ya maji". Mwizi kaiba, "kuna changamoto ya kiusalama". Unakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2021, kila msiba tuliokwenda marehemu alikuwa amepata "changamoto ya upumuaji"? Tulikaa kwenye mikeka tunaitikia, kila mtu anajua na hakuna anayetamka. Tangu hapo neno hilo likitajwa mimi naangalia kwanza linafunika nini. Ongeza "mchakato unaendelea" na "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza", kana kwamba usumbufu ulijitokeza wenyewe kutoka porini.

Usidhani nawasema watu wa ofisini tu. Sisi mafundi tuna letu, na nchi nzima inalijua: "Bado vifungo tu."

Mwaka jana nilimchukua kijana wa kukaa kwenye cherehani ya pili. Mikono anayo, kola anaipandisha vizuri kuliko mimi. Ila mteja yeyote akifika, "Mama, bado vifungo tu." Ijumaa moja jioni akaja mama mmoja kufuata gauni la sendofu ya bintiye, shughuli Jumamosi. Kijana bila kupepesa: "Bado vifungo, mama, na kupiga pasi." Kitenge kilikuwa kwenye mfuko chini ya meza, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani, hata chaki haijakigusa. Nikakitoa nikakitandika mezani.

Yule mama alikaa kwenye benchi. Akanyamaza, akatutukana kidogo, haki yake, kisha akasema, "Haya, sasa tunafanyaje?" Hapo ndipo tulipopata pa kuanzia. Tukaachana na marinda, tukaachana na lesi, tukakubaliana gauni la kunyooka lenye mpasuo nyuma. Kijana akakata, mimi nikashona, saa sita usiku likaondoka kwa bodaboda. Angeondoka na vile vifungo vya uongo, angerudi asubuhi ya shughuli, na asubuhi ya shughuli hakuna fundi wa kumwokoa. Kijana sasa akimwona mteja anasema, "Mama, sijakata." Wengine wanakasirika na kuchukua kitambaa chao. Wengi wanabaki, wanauliza lini, na wanaandikiwa siku.

Sasa wewe. Mkuu wako usibishane naye, ni mkuu wako, na kwenye shikamoo kakushinda. Na mzee huyo atarudi tu, wa bahasha ya kaki hurudi. Kabla hajarudi, inuka kwenye kiti chako ukalitafute hilo faili. Limekwama kwa nani? Linakosa karatasi gani? Ni cheti cha kuzaliwa, ni sahihi ya mtendaji wa kijiji, ni picha? Akifika, mwamkie, mwambie, "Mzee, faili lako liko kwa fulani, linakosa karatasi hii, ukiileta Jumanne nitakupeleka mwenyewe." Kama halijaguswa, mwambie halijaguswa. Usiseme "nitakucheki". Usimtaje na Mungu hapo, "Mungu akipenda Jumanne", wakati unajua Jumanne hutakuwepo. Na mkiwa mmemaliza, yeye mwenyewe akikuaga kwa "poa kijana", mjibu freshi, hapo hata mkuu wako hana la kusema.

Ukija sikukuu usinidanganye tena uko Dumila na basi ndiyo kwanza linatoka Gairo. Ugali hupoa, na baba yako hukataa kula mpaka ufike.

Nimekutumia mchele wa Ifakara kilo kumi na dagaa kidogo kwa basi la Ijumaa. Kaupokee stendi mapema, na umpe kondakta elfu mbili yake.

Mama yako