Nyuki hufundishana

Mhariri,

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mdudu huzaliwa akijua yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa nyuki wachanga wasiopata kufuata wakubwa wao wakicheza ngoma mzingani walicheza kwa makosa, na ingawa baadaye walirekebisha mwelekeo, kosa la umbali liliwadumu maisha yote. (Naam, nyuki hucheza ngoma ili kuwaonyesha wenzao mwelekeo na umbali wa maua: muda wa kutikisa tumbo hueleza umbali huo.) Nyuki bambi, yule nyuki mnene mwenye manyoya, naye huvutiwa na ua asilolijua akiona wenzake wametua juu yake.

Kwa kuwa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiko hapa Kasarani, naomba gazeti lako liwahoji wataalamu wake kuhusu jambo hili, ikiwezekana katika ukurasa wa watoto.

Msomaji wako,
Nairobi