Shukrani kwa mama aliyenisomea kadi yangu

Kwa heshima kubwa namshukuru mama mmoja, ambaye sikumuuliza jina, aliyeketi karibu nami katika maktaba ya umma mjini Columbus, Ohio, siku niliyokuwa nikihangaika na karatasi zangu za uhamiaji, mimi niliyeolewa na raia wa Marekani. Alinisikia nikizungumza kwa simu na dada yangu aliyeko Tanga, akanisalimu kwa Kiswahili, kisha akaomba kuiona kadi yangu ya ukaazi. Aliweka kidole chini ya herufi CR1 akaniambia, “Mwanangu, hii ni ya masharti, ni ya miaka 2 tu.” Wakala tuliyemlipa hakutueleza kwamba ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ya kuingia nchini, mgeni hupewa kadi ya namna hiyo, na kwamba yeye na mwenzi wake hutakiwa kuwasilisha pamoja fomu I-751, ya kuomba masharti hayo yaondolewe, katika siku 90 za mwisho kabla ya kadi kuisha muda. Zilikuwa zimebaki siku 41.

Alikaa nami hadi maktaba ikakaribia kufungwa, akinipangia kwa tarehe ushahidi kwamba ndoa yetu ni ya kweli: mkataba wa nyumba, taarifa za akaunti yetu ya pamoja na ritani za kodi ya mapato, huku akisisitiza kwamba picha za harusi, ambazo nilizijaza bahasha nzima, hazichukui nafasi ya hayo. Hakupokea hata senti ya nauli. Fomu ilifika kwa wakati. Mama, ukiyasoma haya, ile kalamu yako ya bluu bado ninayo.