Dada Mwanaidi, nimempata Joseph

Dieppe, New Brunswick, Kanada
15 Agosti, usiku

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Ujumbe wako nimeupata, na wa pili nimeupata, na ule wa sauti ulioanza na kilio. Nianze na mabati ili utulie: jana nimetuma laki nne kwa simu ya Salma, maana zikija kwako fundi anazinusa kabla hujatoka dukani. Laki nyingine mwisho wa mwezi, inshallah. Hela ya wakili wa ile minazi ya Babu sitoi. Usinune bado, sababu nitakupa huko chini.

Sisi wazima. Kidole kimepona, na Mama asijue kwamba kiliumia. Kazi ni ile ile ya samaki. Mpangani mzima nimevuka bahari nije kukausha samaki kwa moshi! Cheka tu, hata mimi nacheka.

Leo ilikuwa sikukuu ya Waakadia, watu wa wifi yako, uzao wa Wafaransa waliolowea huku zamani. Jioni wanatoka barabarani na masufuria, mifuniko, filimbi na honi, watu wazima na akili zao, wanapiga kelele ili dunia ijue kuwa bado wapo. Mimi nilipewa sinia na mwiko. Unakumbuka mwezi ulipopatwa, Bibi akatutoa uani na masufuria kila mtu apige mpaka uachiwe? Basi nilipiga sinia lile mpaka likabonyea, na wifi yako akadhani nafurahi.

Sasa nisikilize, maana habari yenyewe ni hii. Mama mkwe, ambaye miaka sita hii ananiita "huyo kijana", leo amenishika mkono mbele ya ukoo wote, baba zake wadogo wote wamekaa, akasema: huyu ndiye aliyempata Joseph, babu yetu wa zamani. Wakapiga makofi, Dada. Mimi, mtoto wa Bweni.

Ukoo wao ni LeBlanc, na huku akina LeBlanc ni kama akina Juma kwetu, ukirusha jiwe sokoni utampiga mmoja. Ndiyo maana kijijini hawaitani kwa jina la ukoo. Wanasema Pierre wa Jean wa Joseph, vile vile kama sisi. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani wifi yako ananitania. Na wanawake kwenye madaftari ya zamani wanabaki na jina la baba zao mpaka kaburini, kama wewe utakavyobaki binti Sefu hata ukiolewa na sultani.

Wote hao wanarudi kwa mtu mmoja, Daniel LeBlanc, na mkewe Françoise Gaudet, wa Port-Royal, upande ambao leo ni Nova Scotia. Mwaka 1671 padri mmoja, Laurent Molin, alipita nyumba hadi nyumba akihesabu watu wa Akadia, na aliowaandika hawakufika 400. Daniel kaandikwa ana ng'ombe 18 na kondoo 26. Lakini aliyenifurahisha zaidi ni fundi cherehani Pierre Melanson. Alikataa kutaja umri wake, akakataa kutaja mifugo na shamba, na mkewe akamuuliza padri kama ana wazimu wa kuzurura njiani kwa mambo kama hayo. Mwingine, Étienne Robichaud, alitoka zake nyumbani akamwachia mke kazi ya kusema hataki. Padri wa watu yote hayo kayaandika! Nilimkumbuka shangazi Zuhura na wale vijana wa sensa, alivyowafungia mlango na chai yao iko mezani.

Basi kutoka Daniel kushuka chini hakuna shida, na kutoka kwa mama mkwe kupanda juu hakuna shida, mpaka unafika kwa huyu Joseph. Hapo njia inakatika. Aliozeshwa Memramcook, huku huku New Brunswick, miaka ya mwanzo ya 1800, na padri hakuandika baba yake nani wala mama yake nani. Karani mmoja wa sensa za baadaye, Mwingereza, akawaandika watoto wake White, kwa kuwa LeBlanc kwa Kiingereza ndiyo hiyo, mweupe. Shangazi zake mama mkwe wamegombana miaka thelathini: huyu anasema Joseph ni damu ya Grand-Pré, kijiji cha zamani cha Waakadia, yule anasema aliokotwa tu, mtu wa kuja. Mtu wa kuja. Umelisikia wapi neno hilo, Dada?

Sababu ya kukatika ni Waingereza. Tarehe 5 Septemba 1755, kule Grand-Pré, kanali mmoja aitwaye Winslow aliwaita wanaume na wavulana kanisani, wakaingia 418, milango ikafungwa, wakasomewa kwamba ardhi na mifugo yao ni mali ya mfalme na wao wataondolewa. Wakapakiwa merikebuni, nyumba zikachomwa, wengine wakatenganishwa na jamaa zao. Madaftari mengi ya parokia yakapotea hapo. Ya Port-Royal yapo kuanzia 1702. Ya Grand-Pré waliofukuzwa waliyabeba, yakafika Louisiana, na mpaka leo yako huko. Mtu anafukuzwa kwake, anaacha ng'ombe, anabeba daftari la ubatizo. Nililifikiria hilo wiki nzima nikiwa kwenye samaki.

Nilikaa Jumamosi kumi na moja pale chuo kikuu cha Moncton, kwenye kituo chao cha nyaraka za Kiakadia, nikizungusha kwenye mashine filamu zenye picha za madaftari hayo. Macho yaliwaka moto. Mwandiko wa mapadri wale una s iliyonyooka kama f, wino umevuja upande wa pili, na chini ya kila ndoa wameandika kuwa bwana na bibi harusi hawajui kutia saini, kuna misalaba miwili tu. Ndoa ya Joseph mama mkwe alikuwa ameisoma mara mia. Ila katikati kuna maneno machache aliyokuwa akiyaruka, akidhani ni mambo ya kanisa: wamepewa ruhusa ya undugu, daraja la tatu kwa la nne.

Mimi nikasimama hapo hapo. Wenzetu hawa kanisa lao lilikuwa halitaki mtu aoe ndugu yake bila ruhusa, na padri ilimbidi aseme undugu uko umbali gani. Kwetu nani asiyejua hesabu ya mtoto wa ami? Tatu kwa nne maana yake wana mzee mmoja wa pamoja: kwa mmoja yuko vizazi vitatu juu, kwa mwingine vinne. Ukoo wa bibi harusi wote unajulikana. Nikawaandika wazee wake wote wa juu, nikawashusha watoto wao mmoja mmoja kwenye karatasi za kufungia samaki, nikawafuta waliokufa wadogo na waliopelekwa mbali. Wakabaki Joseph wawili. Mmoja alikuwa na mke tayari.

Kuhakikisha, nikaenda Belle-Île. Si kwa miguu, kwa filamu. Hicho ni kisiwa cha Ufaransa ambako mwaka 1765 zilipelekwa familia 78 za Waakadia. Kwa kuwa hawakuwa na karatasi, mwaka 1767 wazee waliitwa mmoja mmoja, wakaapa, wakataja baba, babu, nani alimwoa nani, nani alifia wapi, na mapadri wakaandika. Kutoka kichwani, Dada! Humo mzee mmoja anawataja ndugu zake waliobaki Akadia, na mmoja wao ndiye babu wa Joseph wangu. Damu ya Grand-Pré. Shangazi yule mwingine hajaniongelesha tangu Mei.

Haya, sasa ya wakili. Ami Shabani amesema mbele ya kikao kwamba Babu alikuwa mtu wa kuja, hana nasaba Bweni, kwa hiyo ile minazi si yetu. Neno hilo liliniuma kuliko kidole. Ninajua watu wa Kizungu vizazi kumi, na wa kwetu nikifika kwa baba yake Babu ninakwama. Wakili atakula laki tano, na yeye atakwama pale pale.

Chukua sehemu ya hiyo laki nyingine ikifika, panda pantoni, panda boda mpaka Kipumbwi kwa Bibi Kidawa. Mpelekee kanga doti moja na sukari. Weka simu irekodi, ifunike na mtandio asiione akaanza kuongea kama redio. Na usimuulize Babu alikuwa nani, atakupa jibu la heshima tu. Muulize nani alimwozesha Babu, mashahidi walikuwa nani, mahari ilikuwa nini, nani aligoma kula siku ya harusi na kwa nini. Muulize mnazi wa kwanza ulipandwa nani alipozaliwa. Mwache agombane na wafu, usimkatize. Fanya upesi, maana sauti yake kwenye simu ya Idi imepungua.

Kaburi la Baba limejengewa? Nilituma hela mwezi wa Rajabu, na picha sijaiona.

Mwambie Mama hapa mto unageuka. Bamvua ya huku ikija, maji ya bahari yanapanda mto Petitcodiac kama ukuta, na watu wanasimama kingoni kutazama. Nilimpeleka mwanangu, akaniuliza kama wa Pangani nao unafanya hivyo. Nikamwambia ule wetu una adabu.

Na kwa Bibi Kidawa usisahau kuuliza mama yake Babu aliitwa nani. Kwenye karatasi yangu nimeandika "binti", mbele nimeacha nafasi.

Mdogo wako,
Hamza