Barua ya wazi kwa wazazi ambao watoto wao wamemaliza matibabu ya saratani

Wanangu wapendwa,

Poleni kwa safari, na hongereni kwa kuifikisha ilipofika. Mtoto amemaliza dawa, nywele zimeota, amerudi kucheza. Sasa kliniki inaonekana kama usumbufu: nauli, foleni, siku ya kazi kupotea, na mwisho wa yote mnaambiwa yuko salama. Ndiyo maana wengi hupunguza kwenda, kisha huacha kabisa. Nawasihi msiache, na sababu nitaieleza.

Ufuatiliaji baada ya saratani una kazi mbili. Ya kwanza ni kuangalia kama ugonjwa umerudi. Kwa saratani nyingi za watoto hatari hiyo huwa kubwa katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, ndiyo maana mnaitwa kila mwezi, kisha kila miezi miwili au mitatu, kisha kwa nafasi zaidi. Kazi ya pili ni kuangalia athari za dawa, mionzi na upasuaji ambazo huchelewa kujitokeza. Hiyo haipungui miaka inavyopita, bali huongezeka. Kwa hiyo mzazi anayeacha kliniki mwaka wa tano kwa kuona hatari imekwisha anaacha wakati kazi ya pili ndiyo inashika kasi.

Jambo ninalotaka mlifanye mwezi huu, kabla ya mengine yote, ni kuomba muhtasari wa matibabu ulioandikwa. Msikubali karatasi inayosema tu kwamba mtoto alipewa kemo, yaani dawa za saratani, mizunguko kadhaa. Iwe na jina kamili la saratani na hatua yake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kila dawa kwa jina lake, na jumla ya kipimo cha dawa zile nzito kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Kama alipigwa mionzi, iandikwe sehemu ya mwili iliyopigwa na jumla yake kwa kipimo cha grei. Upasuaji uelezwe: kilitolewa nini, kilibaki nini. Kama aliongezewa damu, nalo liandikwe, ili daktari aamue kama kuna haja ya kupima homa ya ini na VVU. Piga picha karatasi hiyo, hifadhi nakala kwa ndugu, na ya asili iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mafaili hupotea, madaktari huhama, na baada ya miaka 15 hakuna atakayekumbuka mtoto wako alipewa nini. Bila majina na vipimo hivyo, daktari wa baadaye hajui apime kitu gani.

Tuchukue moyo. Doksorubisini na daunorubisini ni dawa zilizookoa watoto wengi, lakini huumiza misuli ya moyo, na misuli hiyo haijirudishi kama ngozi. Aliyepata jumla ya miligramu 250 au zaidi kwa mita ya mraba yuko katika kundi la hatari kubwa, na vilevile aliyepigwa mionzi mikali ya kifua. Moyo unaweza kudhoofika polepole kwa miaka bila mtoto kulalamika chochote. Anapoanza kuhema akipanda ngazi au kuvimba miguu, uharibifu umeshakwenda mbali. Kipimo chenyewe ni ultrasaundi ya moyo, hakina maumivu. Walio katika hatari kubwa hupimwa kila baada ya miaka miwili, wa hatari ya kati kila baada ya miaka mitano, na kipimo cha kwanza kisizidi miaka miwili tangu kumaliza dawa. Shinikizo la damu lipimwe kila mwaka. Binti akija kupata mimba, awaambie wakunga mapema kuhusu dawa hizo, kwa sababu ujauzito huuongezea moyo mzigo. Wala msimfungie mtoto ndani kwa hofu. Mazoezi ya kawaida humfaa sana. Ni kunyanyua vyuma vizito tu ndiko kunakohitaji ruhusa ya daktari kwanza.

Masikio nayo husahauliwa, na hapo naumia zaidi kwa sababu mtoto huadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Sisplatini, dawa nyingine ya saratani, huua chembechembe za usikivu kuanzia zile za sauti nyembamba. Mtoto anasikia mlango ukigongwa na gari likipita, lakini “s”, “f” na “sh” zinampita. Ukimwita kutoka nyuma anaitika, hivyo unaamini anasikia. Darasani kwenye kelele anakosa nusu ya maneno, na mwalimu anaandika kuwa hasikilizi. Kupiga makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Ombeni kipimo cha usikivu cha mashine kinachofika hadi sauti za juu, hata kama mtoto haonyeshi shida, na kirudiwe, maana usikivu unaweza kuendelea kupungua baada ya dawa kwisha. Uliopotea haurudi, lakini kifaa cha kusaidia kusikia kikiwahi, lugha na masomo vinaokoka. Na mtoto huyu akilazwa kwa ugonjwa mwingine, mwambieni daktari alipata sisplatini kabla hajaandikiwa jentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwani nayo hudhuru masikio na figo.

Aliyetolewa figo moja aishi kama watoto wengine, ila kila mwaka apimwe shinikizo la damu, damu kuangalia kazi ya figo, na protini kwenye mkojo. Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni ovyo ovyo kwa kila maumivu. Figo iliyobaki haina mwenzake. Aliyetolewa wengu (bandama) ni habari nyingine: homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, maisha yake yote, kwa sababu bakteria wanaweza kumzidi ndani ya saa chache. Chanjo ya nimonia na ya uti wa mgongo kwake ni lazima.

Kwa waliopigwa mionzi ya kichwa, pimeni urefu kila miezi sita, bila viatu, kwenye ukuta ule ule, na mwandike. Uzito pekee hudanganya, maana mtoto anaweza kunenepa huku harefuki, na hiyo ni dalili mojawapo ya upungufu wa homoni ya ukuaji. Mionzi ikigusa shingo, tezi ya thairoidi hupimwa kwa damu kila mwaka. Angalieni na balehe: msichana anayeanza kabla ya miaka 8 au asiye na dalili akifika 13, mvulana kabla ya 9 au bila dalili akifika 14, wote waonwe na daktari. Kwa mvulana aliyepewa siklofosfamidi au ifosfamidi, sauti kuwa nzito na ndevu kuota si uthibitisho kwamba mbegu ziko sawa, kwa kuwa chembe zinazotengeneza homoni huvumilia dawa kuliko zile zinazotengeneza mbegu. Akikua atapimwa. Msimhukumu kuwa tasa, wala msimwahidi lolote.

Binti aliyepigwa mionzi ya kifua anahitaji uchunguzi wa matiti kila mwaka tangu akiwa na miaka 25, au miaka 8 baada ya mionzi, itakayochelewa kati ya hizo. Wenzake hawaanzi mapema hivyo, kwa hiyo asipoijua karatasi yake hakuna atakayemkumbusha.

Shuleni, mionzi ya kichwa na methotreksati iliyochomwa kwenye uti wa mgongo vinaweza kupunguza kasi ya kufikiri na umakini, hasa kwenye hesabu. Shida hiyo huweza kuonekana baada ya mwaka au zaidi, wakati kila mtu ameshasahau ugonjwa, basi mtoto huitwa mvivu. Mwendeeni mwalimu mkuu, ombeni akae mbele, apewe muda wa ziada kwenye mitihani na maelekezo machache kwa wakati mmoja.

Chanjo zilizokatizwa hurudiwa kwa mpango wa daktari. Zile za virusi hai kama surua husubiri, kwa kawaida miezi sita tangu kemo ya mwisho. Meno yaonwe kila miezi sita. Aliyewahi kupewa dawa ya bleomisini awaambie wataalamu wa usingizi kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu dawa hiyo huweza kudhuru mapafu.

Kati ya kliniki na kliniki, msisubiri tarehe mkiona uvimbe mpya, homa isiyoeleweka, kupauka, michubuko bila kuumia, maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, au kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika.

Na mtoto aambiwe ukweli. Wapo wanaofika utu uzima wakidhani waliugua “damu” tu, kwa sababu wazazi waliona kunyamaza ni kumlinda. Tangu miaka 12 hivi aanze kuisoma karatasi yake pamoja nanyi. Afikapo 15 aingie peke yake kwa daktari kwa dakika chache na kujibu mwenyewe. Akitimiza 18 mkabidhini nakala yake, na mwulizeni pale pale: uliugua nini, ulipewa dawa gani, unatakiwa kupimwa nini na lini. Akikwama, someni tena naye kabla hajahamia kliniki ya watu wazima.

Wasalaam,
Mzee wenu