Maandishi ya programu za kusimba faili nayo ni usalama

Mhariri, naomba nafasi niseme na madevelopa wanaotengeneza programu za kusimba faili, yani kuzifunga kwa siri asizisome asiyehusika, zile za kwenye terminali unapoandika amri tu, zisizo na vitufe wala madirisha. Jamani, yale maandishi yanayotokea mtu akiandika --help kuomba msaada yapeni uzito uleule mnaoipa hesabu ya ndani inayofanya usimbaji, maana hesabu mtumiaji haioni, anachoona ni hayo maandishi tu.

Chukua GnuPG, programu ya kusimba faili na kutia saini, ya siku nyingi na naiheshimu sana. Ukiomba msaada inakumwagia orodha ndefu ya machaguo alafu mifano michache ndo iko chini kabisa, wakati mtu ana shida moja tu, nifungeje hii faili ili fulani peke yake aweze kuifungua, sasa kwa nini hiyo asiikute juu? Ukihakiki saini ya kidijitali, ile ya kuonyesha faili imetoka kwa nani, nako inakuandikia "Good signature" (saini ni nzuri), onyo kwamba hakuna uthibitisho kuwa ufunguo uliotia saini ni wa huyo mwenye jina linakuja mistari ya chini. Wengi wanaishia kwenye ile Good wanaendelea na mambo yao. Onyo linalogeuza maana ya jibu linatakiwa litangulie jibu, lisifuate nyuma.

Na wale wanaosema huu ni urembo tu wakumbuke 2018, lile tatizo lililoitwa SigSpoof. GnuPG ilikuwa inachapisha jina la faili lililomo ndani ya ujumbe vilevile lilivyo, bila kulisafisha, kwa hiyo mshambuliaji anaweka mistari mipya ndani ya jina hilo, na baadhi ya programu za barua pepe zinazosoma matokeo zinadhani ni GnuPG yenyewe inasema saini ni halali, kumbe saini haipo kabisa! Ikarekebishwa toleo la 2.2.8. Hesabu ya usimbaji haikuguswa hata kidogo, kilichovunjika ni uchapishaji. Kwa hiyo matokeo yapite stdout, njia ya kawaida ya matokeo ya programu, taarifa na makosa yapite stderr, njia ya pili iliyotengwa kwa ajili yake, zile za kusomwa na skripti, yani programu nyingine na si mtu, ziwe na njia yake peke yake, na chochote kilichoandikwa na mtu wa nje kisafishwe kwanza kabla ya kufika kwenye skrini.

Wapo wanaofanya vizuri, lazima niseme. Programu inayoitwa age, nayo ya kusimba faili, ukisahau kuitajia faili ya kuandikia inakataa kumwaga baiti zisizosomeka kwenye terminali, alafu inakuuliza kama ulikusudia -a ili upate maandishi ya kawaida. Yani kosa na dawa yake sehemu moja, mtu haendi kutafuta kwingine. Hata GnuPG ukitumia --fingerprint inakukatia zile herufi na tarakimu 40 za kutambulisha ufunguo vikundi vya nne nne, unaweza kumsomea mwenzako kwenye simu bila kupotea.

La mwisho ni upana na rangi. Mistari isizidi herufi 80, watu wanagawa skrini mara mbili mara tatu wakifanya kazi. Rangi nyekundu nayo msiitegemee peke yake, matokeo yakipelekwa kwenye faili mara nyingi rangi inapotea, na kuna watu nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, kwa hiyo neno lenyewe KOSA au ONYO liandikwe mwanzo wa mstari, rangi ije baadaye.

Msomaji wenu