Krismasi Njema Kutoka Masasi

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, wa hapa Masasi na mlioko Newala, Nachingwea, Lindi mjini hadi Dar es Salaam, Bwana Yesu asifiwe!

Mnaijua Desemba ya kwetu. Embe zimejaa, korosho za mwisho zinapelekwa ghalani, na mvua ikishanyesha mara mbili tatu kila mtu yuko shambani anafukia mahindi na mbaazi. Wapo walioshalipwa pesa za mnada wa korosho, watoto wana nguo mpya. Wapo ambao bado wanapita chama cha msingi, ushirika wa wakulima, kila asubuhi kuulizia malipo yao. Ninyi mnaongoja, cho chote kile, salamu hizi ni zenu kwanza.

Ibrahimu alitoka Harani ana miaka 75, akiwa ameahidiwa uzao. Isaka alipozaliwa, baba yake alikuwa na miaka 100. Miaka 25 ya kungoja! Na Paulo, akiwaandikia Warumi, hasemi kwamba mzee yule alifumba macho asiuone uzee wake. Aliuona. Aliutazama mwili wake na tumbo la Sara, akajua kwa upande wao yamekwisha, na bado akamwamini Mungu, kwa kuwa aliyeahidi ndiye mwenye uwezo wa kutenda. Imani hiyo naipenda sana, maana haimlazimishi mtu aseme "sijambo" wakati ndani ana mgonjwa.

Krismasi nayo imejaa wazee wa namna hiyo. Elisabeti, aliyeitwa tasa, anabeba mimba. Ana, mjane wa miaka 84, habanduki hekaluni. Simeoni aliahidiwa kwamba hatakufa kabla ya kumwona Kristo, na siku ilipofika aliwekewa mikononi kichanga cha siku kama 40, mtoto wa wazazi ambao sadaka yao ilikuwa ndege wawili, sadaka ya maskini. Mtoto huyo hajasema neno, hajatenda muujiza. Simeoni akamshukuru Mungu palepale, akasema sasa naweza kwenda kwa amani.

Basi wewe unayeomba mtoto, na wewe mama ambaye kijana wako alikwenda mjini akanyamaza, njoo kanisani na ombi lako lilelile la mwaka jana. Usione haya kulirudia.

Majirani zetu Waislamu, karibuni pilau, kama mlivyotukaribisha Idi. Walio njiani, Mungu awafikishe salama. Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya!