Nyama ya kusaga isigandishwe donge moja

Mhariri,

Mwezi wa Shaabani ukiingia, nyumba nyingi za hapa Lamu hununua nyama ya kusaga kilo kadhaa kwa pamoja, ili Ramadhani ikifika sambusa, katlesi na mkate wa nyama visimsumbue mpishi. Desturi hiyo siilaumu. Kasoro iko katika namna tunavyoiweka.

Aghalabu kilo tatu au nne hutiwa ndani ya friza zikiwa donge moja, nalo huganda juu huku katikati likichelewa mno kupoa. Nyama ya kusaga si sawa na mnofu mzima, kwa kuwa mashine huvichukua vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama na kuvichanganya ndani kote. Isitoshe, anayehitaji nusu kilo hulazimika kuliyeyusha donge zima juu ya meza, akamega, kisha akarudisha lililobaki, ilhali baridi ya friza huvisimamisha tu vijidudu hivyo, haiviui, na kwa joto letu la kaskazi, hewa ikipita nyuzi 32, nyama mbichi haifai kukaa nje zaidi ya saa moja.

Ni afadhali igawanywe nusu kilo nusu kilo mara tu inapofika kutoka buchani, itiwe katika mifuko safi ya chakula, ibanwe kwa kiganja mpaka hewa itoke na iwe bapa kama chapati, kisha iandikwe tarehe. Mfuko wa namna hiyo huganda upesi, na ukihamishiwa kwenye friji usiku, kesho yake nyama i tayari kupikwa. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri haiozi, ingawa baada ya miezi mitatu au minne utamu wake hupungua. Isiyogandishwa ipikwe ndani ya siku moja au mbili.

Umeme nao hukatika. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24, lakini nani kwetu asiyeifungua kuchungulia? Nyama yenye chembe za barafu bado yaweza kugandishwa tena. Iliyokwisha kupata joto kwa zaidi ya saa mbili itupwe, hata kama hainuki.

Naomba ukurasa wako wa mapishi, unapoeleza viungo vya sambusa, uongeze mistari michache kuhusu kuihifadhi nyama yenyewe, na uifanye kazi hiyo kabla ya Shaabani kwisha.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu